"Whatever": Neno Moja Lililouza Ng'ombe wa Babangu

Acha nianze na ng'ombe, historia itakuja yenyewe.

Mwaka juzi, mwezi wa kwanza, babangu alinitumia meseji kutoka ocha. Babangu ni mtu wa meseji ndefu. Anaanza na salamu, anaulizia afya, anapitia mambo ya mvua na majirani, halafu mwisho kabisa ndio anaweka kile kitu alitaka kusema. Siku hiyo kilikuwa hivi: amepata mnunuzi wa ng'ombe wa maziwa, bei si mbaya, na karo ya semista imekaribia. Auze alipe, ama angoje kwanza? Akamalizia: "Wewe ndiye unajua mambo ya chuo."

Chenye hakujua ni kwamba chuo nilikuwa nimeachana nacho tangu Septemba. Nilikuwa kwa keja huko Roysambu, saa nane mchana bado niko kitandani, video yangu ya kwanza imetazamwa mara 41, na kama 10 kati ya hizo ni mimi. Sikuwa na nguvu ya kuelezea mtu chochote. Nikajibu neno moja: "Whatever."

Wiki moja baadaye akanitumia picha ya risiti ya benki. Shilingi 38,500. Karo ya semista ambayo sikuwa nasoma, imelipwa na ng'ombe aliyekuwa anatoa maziwa ya chai ya nyumba nzima.

Ukweli ulitoka Aprili, kwa simu. Sitawaambia yote. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kitu kimoja tu: "Sasa mbona uliniambia niuze?" Nikamwambia mimi sikusema auze. Akasema ngoja. Nikasikia akitafuta miwani, halafu akaanza kunisomea herufi moja moja, W, H, A, T, mpaka mwisho. "Si hii ni kusema chochote nitakachoamua ni sawa?"

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Yeye hakucheka.

Usiku huo nikafungua kamusi kwa simu nipate kitu cha kumwonyesha kwamba yeye ndiye alikosea. Kamusi ya kwanza ikawa upande wake. Ya pili pia. Ile maana yangu ilikuwa chini huko, mstari wa mwisho mwisho, imeandikiwa kwamba ni ya mazungumzo ya kawaida. Hivyo ndivyo niliingia kwa hii story, na wasee, hili neno limetoka mbali.

Kwanza umri. "Whatever" ni "what" na "ever" zilizounganishwa, na Waingereza wameitumia kwa zaidi ya miaka 600. Muda wote huo mrefu kazi yake ilikuwa kufungua mlango. Chochote utakacho. Lolote litakalotokea. Ukimwambia mtu hivyo, unampa uwanja wote achague. Hata Shakespeare alipoandika mchezo wake wa Twelfth Night kama mwaka 1601 hivi, aliupa jina la pili, What You Will, yaani uite vile unavyopenda. Kuna watu wanasoma hilo jina kama heshima kwa mtazamaji, na wengine wanaona ni mwandishi aliyechoka kutafuta jina. Mimi naona zote mbili zimo, na hapo ndipo shida yetu inaanzia. Kumwachia mtu uamuzi na kutomjali kunaweza kutumia maneno yaleyale.

Lakini babangu na Shakespeare wako kwa karatasi moja. Mimi niko wapi?

Niko kwa kijitabu cha jeshi. Na hii ndiyo sehemu iliyonifanya nikae macho mpaka asubuhi.

Mwaka 1973, Marekani ilikuwa inatoka Vietnam. Kati ya Februari na Aprili, wafungwa wa kivita 591 waliachiliwa na kurudishwa nyumbani. Wengine walikuwa wamekaa huko miaka mingi kupita kiasi. Rubani mmoja wa jeshi la majini, Everett Alvarez, alitekwa Agosti 1964. Fikiria hapo: Agosti 1964 Kenya yenyewe ilikuwa bado haijawa jamhuri. Aliachiliwa Februari 1973, miaka minane na nusu baadaye. Wakati yuko ndani, Martin Luther King ameuawa, watu wametembea mwezini, nywele za vijana zimekuwa ndefu, na Kiingereza cha nyumbani kimehama bila yeye.

Sasa ofisi ya Waziri wa Ulinzi ikawatengenezea hao watu kijitabu cha kuwasaidia kurudi kwa maisha, na ndani wakaweka maelezo ya maneno mapya ya mtaani. Moja ya hayo maneno ni "whatever". Wakaeleza kwamba mtu akikuambia hivyo, mara nyingi amechoshwa na mada ama hajali sana maana kamili ni gani. Huo ni mmoja wa ushahidi wa zamani kabisa wa maandishi tulio nao wa hii maana yangu. Haukutoka kwa filamu wala kwa mwanamuziki. Umetoka kwa serikali, ikiwaonya watu waliotoka jela kwamba neno wanalolijua limeanza kukunja uso.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Babangu alimaliza darasa la saba, akafanya mtihani wa CPE, na Kiingereza chake kimekaa vile alivyofundishwa, kimepigwa pasi na kukunjwa. Hakuna mtu amewahi kumpa kijitabu.

Turudi kwa story. Kama jeshi lilikuwa tayari linalijua 1973, basi vijana walikuwa wanalisema kabla. Lakini kilicholifanya liwe la dunia nzima ni wasichana wa eneo moja la Los Angeles linaloitwa San Fernando Valley. Mitaa ya watu wa kadiri na wenye pesa kidogo, magari, maduka makubwa ya kuzurura jioni, na wasichana wenye namna yao ya kuongea, sauti inapanda mwishoni mwa sentensi kama swali. Mwaka 1982 mwanamuziki Frank Zappa alitoa wimbo unaoitwa Valley Girl. Sauti ya msichana humo ni ya bintiye, Moon, mwenye miaka 14, akiiga wasichana aliokuwa anawasikia. Nia ilikuwa kuwacheka. Kilichotokea ni kwamba wasichana wa majimbo mengine walisikia, wakapenda, wakaanza kuongea hivyo. Sisi tuliozaliwa na intaneti tunajua hiyo kitu vizuri sana: unatengeneza video ya kukejeli mtu, halafu video yako inamfanya staa.

Kando kidogo: 1982 ndio mwaka babangu alifanya CPE. Naye alikuwa na miaka 14. Moon na babangu ni rika moja. Mmoja anaiga maneno mapya studioni Los Angeles, mwingine anajua akipatikana akiongea lugha ya nyumbani shuleni atavishwa ule ubao wa aibu shingoni. Wote wawili wanaongea Kiingereza.

Na kuna kitu lazima niseme kuhusu hao wasichana. Kila mara neno jipya likichukiwa, utasikia limeletwa na wasichana wadogo wasio na akili. Lakini mwanaisimu William Labov, ambaye alitumia maisha yake kusikiliza jinsi watu wa miji ya Marekani wanavyoongea, alionyesha kwamba mabadiliko mengi ya lugha yanaongozwa na wanawake. Leo wanachekwa, kesho baba zao wanaongea hivyo hivyo ofisini.

Miaka ya tisini nitapita haraka kwa sababu mnaijua, ama dadako anaijua. 1991 Nirvana wanatoa albamu inayoitwa Nevermind, kupuuza kumekuwa jina la bidhaa. 1992 filamu ya Wayne's World inawafanya watu wamalize sentensi ya sifa kisha waongeze "not!", yaani nimekusifu lakini zi. Wataalamu wa American Dialect Society wakaichagua hiyo "not!" kuwa neno la mwaka. Mwaka huohuo Martin Lawrence anaanza kipindi chake cha Martin, na kutoka hapo dunia ikajifunza "talk to the hand", ongea na mkono, uso uko bize.

Hapo kwa Martin ngoja nisimame. Watu wakiongelea misemo ya dharau ya Kiingereza, wanaongea kama yote ilitoka kwa wazungu wa California. Mingi ilitoka kwa Wamarekani weusi, halafu ikasafishwa jina njiani. "Shade", hii tunayosema kila siku mtu "ananithrowia shade", ilikuwa lugha ya mashindano ya mitindo na densi ya weusi na Walatino mashoga huko Harlem, New York. Kwenye filamu ya Paris Is Burning ya 1990, Dorian Corey anakaa mbele ya kioo akijipaka na kueleza kabisa tofauti ya shade na matusi ya kawaida. Ni darasa. Ukitumia hilo neno Nairobi, unatumia kitu cha watu ambao wengi wetu tungewafukuza kwa ploti. Fikiria tu.

Halafu 1995 ikaja Clueless. Amy Heckerling, aliyeiandika na kuiongoza, alienda kukaa madarasani kwa shule ya upili ya Beverly Hills asikilize wanafunzi wanavyoongea. Filamu yenyewe ni riwaya ya Jane Austen, Emma, ya miaka 180 nyuma, imevalishwa sketi fupi. Humo ndimo "as if" ilipata umaarufu wake, ingawa hata hiyo si mpya: iko kwa The Pit, riwaya ya Frank Norris kuhusu wafanyabiashara wa ngano wa Chicago, ya 1903. Na ndimo dunia ilijifunza kusema "whatever" bila mdomo, unaunganisha vidole gumba, unanyoosha vile viwili vya shahada, inakuwa W.

Mimi hiyo W niliijua kabla sijajua kusoma vizuri. Binamu yangu aliyekuwa anasoma Nairobi alikuja nayo likizo. Filamu alikuwa ananunua kwa zile duka za kuchoma CD, shilingi 50 moja, picha zingine zina kichwa cha mtu akipita mbele ya kamera. Nyanya akimwambia aende mtoni, binamu anageuka na kutengeneza W na vidole. Nyanya alidhani ni maombi.

Kufikia 2009, taasisi ya kura ya maoni ya Marist iliuliza Wamarekani ni neno gani linawaudhi zaidi kwa mazungumzo. Asilimia 47 walisema "whatever". Likashinda tena mwaka uliofuata, na uliofuata, miaka na miaka. Hakuna tusi lililoingia hapo juu, na nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani ni hivi. Tusi unaweza kulijibu. Mtu akikuita mjinga, unamwita mjinga mkubwa, mazungumzo yanaendelea, hata kama ni ya kukunjana mashati. "Whatever" haina mahali pa kushika. Inajifanya imekubali. Umeshinda, sawa, chukua. Na hapo hapo inakuambia kwamba ulichoshinda hakina thamani. Ni kama mtu akupe noti ya elfu moja, ukiishika unakuta ni ya kuchezea.

Ndiyo maana ilipendwa na watu wasio na nguvu. Kijana aliyepelekwa jeshi bila kuulizwa, mbele ya afisa wake. Msichana wa miaka 14 mbele ya mamake. Huwezi kukataa, basi unakubali kwa namna ya kuudhi. Hiyo naielewa na hata naitetea. Tazama "OK boomer". Novemba 2019, mbunge wa New Zealand, Chlöe Swarbrick, miaka 25, anahutubia bunge kuhusu hali ya hewa, mzee mmoja anamkatiza, naye anasema maneno hayo mawili na kuendelea. Waliokuwa wanaandika maneno chini ya picha hawakujua ni nini, wakaandika "OK Berma". Tena kijitabu hakikuwepo.

Na hiyo OK yenyewe ina kichekesho chake. Ilizaliwa kama utani. Mwaka 1839 wahariri vijana wa magazeti ya Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno yaliyoandikwa vibaya makusudi, yaani walikuwa na meme zao. "All correct" wakaiandika "oll korrect", na tarehe 23 Machi gazeti la Boston Morning Post likachapisha O.K. Nyingine kama O.W. zilikufa. Hii ikaokolewa na siasa: 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anatafuta kuchaguliwa tena, jina lake la utani ni Old Kinderhook, wafuasi wakaona herufi zinaingiana. Yeye alishindwa uchaguzi, OK ikabaki. Ilikuwa kejeli, ikawa neno la heshima la biashara, na sasa tumeirudisha. Ukiandikiwa "k" peke yake, hata kitone hakuna, unajua jioni yako imeharibika.

Sasa kabla mseme hii ni tabia ya wazungu, kuna kitu kinaitwa "shauri yako".

Mwalimu wa Kiswahili atakuambia ni shauri lako, na ana haki. Lakini sikiliza hilo neno. Shauri limetoka kwa Kiarabu, ni kufikiria pamoja, kuulizana, kupewa akili na mwenzako. Ndilo limezaa mshauri, ushauri, mashauriano, hata halmashauri. Kwa hivyo "shauri yako", ukiichukua vile ilivyo, inasema uamuzi ni wako, nimekuachia. Ni "whatever" ileile ya miaka 600. Sasa niambie mara ya mwisho umesikia mtu akiisema kwa upole. Mama akikuambia usipande huo mti, ukapanda, akasema "haya, shauri yako", hajakupa uhuru. Amenawa mikono. Ukianguka usilie kwake.

Na "sawa" je? Sawa ni kulingana, mizani imetulia. Mpenzi wako akikuandikia "sawa tu", hiyo mizani imetulia wapi?

Kwa hivyo njia ni moja, na Kiswahili kimeipita bila kusukumwa na Hollywood. Tunachukua neno la kumpa mtu nafasi na kulitumia kumfungia mlango. Nadhani ni kwa sababu kufunga mlango waziwazi kunahitaji moyo. Unahitaji kusema, baba, niliacha chuo, niliogopa kukwambia, usiuze ng'ombe. Hayo ni maneno mengi. Neno langu lilikuwa moja.

Na tofauti yangu na yule msichana wa Valley ni kwamba mimi sikuwa mnyonge pale. Babangu hakuwa ananiamrisha. Alikuwa ananiomba shauri, ile ya kweli, ya Kiarabu. Kitu pekee alichohitaji kujua kilikuwa kwangu, na alisema wazi kwamba kiko kwangu.

Chuo nilikiandikia barua kuuliza kama karo inaweza kurudishwa. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, kwa Kiingereza safi kisicho na kejeli hata kidogo, na lilikuwa hapana. Hizi video zimeanza kulipa kidogo, nimetuma nyumbani elfu 22 kufikia sasa, kwa vipande. Maziwa wananunua kwa jirani. Mamangu anasema maziwa ya jirani yana maji lakini haulizi kitu.

Wiki jana babangu alinitumia meseji. Salamu, afya, mvua haijanyesha vizuri, mtoto wa jirani ameoa. Mwishoni, mamako anauliza kama utakuja Disemba ama utakuwa na kazi. Halafu, mara ya kwanza kabisa kuona Kiingereza kwa simu yake: "Whatever."

Nimeisoma mara nyingi. Inaweza kuwa ya kamusi, kwamba vyovyote nitakavyoamua ni sawa kwake. Inaweza kuwa yangu, kwamba amejifunza. Kwa maandishi huwezi kujua, hakuna sauti, hakuna uso.

Nimempigia asubuhi mara mbili, hajashika. Saa hizo huwa shambani. Nitajaribu tena jioni.